Pompey Hakuulizwa

Katika filamu ya John Ford ya mwaka 1962, "The Man Who Shot Liberty Valance", mhariri wa gazeti la mji mdogo wa Shinbone anamganda seneta aliyeshuka kwenye treni. Anataka aambiwe ni kwa nini mtu mkubwa kama yule amesafiri kutoka mbali kuja kumzika Tom Doniphon, maskini ambaye hata wenyeji wa mji walikwisha kumsahau. Seneta anakubali, wanaingia chumba cha pili, na sehemu kubwa ya filamu ni masimulizi yake humo ndani. Katika chumba walichokiacha, kando ya jeneza la mbao lisilo na pambo lolote, ameketi mzee mweusi mwenye mvi aitwaye Pompey. Siri ya filamu inapofunuliwa, yaani ni nani hasa aliyempiga risasi jambazi Liberty Valance, tunaona kwamba Pompey alikuwa pale pale uchochoroni usiku ule: ndiye aliyemrushia Doniphon bunduki, na ndiye aliyeidaka iliporudishwa. Seneta mwenyewe, ambaye dunia yote inamsifu kwa kuua jambazi yule, aliupata ukweli kwa kuambiwa na Doniphon. Doniphon sasa yumo jenezani. Kwa hiyo shahidi pekee aliyebaki, anayejua risasi ilitoka wapi, ni yule mzee wa kwenye benchi, na wenye gazeti wanajaza karatasi, kisha wanazichana, bila yeyote kumwuliza neno.

Nimeitazama filamu hiyo mara nyingi, na sijui kama Ford alikusudia tukasirike kwa ajili ya Pompey au kama lilimponyoka tu. Ninachokijua ni kwamba kazi yote ya Woody Strode, mwigizaji aliyemvaa Pompey, inasomeka vizuri zaidi ukianzia kwenye benchi lile: mtu anayewekwa pembeni ya hadithi, ambaye ukimwondoa hadithi yenyewe inaanguka.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tuna lugha yetu ya filamu, nayo inatubana katika jambo hili. Kuna steringi na kuna adui. Steringi hafi, adui anakufa mwishoni, na akifa mapema basi yule si adui mkubwa. Waliobaki hawakuwa na jina. Tuliwatambua kwa sura, kwa kovu, kwa upara, kwa namna ya kutema tumbaku, nasi tulishangilia walipotokea kwenye filamu nyingine wakiwa wamevaa kofia ileile, lakini hatukuwahi kuuliza wanaitwa nani, na jina lao lilipopita mwishoni mwenye banda alikwisha kutoa mkanda. Filamu za kauboi, hasa za miaka ya 1940 hadi 1970, zilijengwa juu ya mabega ya watu hao. Walter Brennan alipata tuzo tatu za Oscar za mwigizaji msaidizi. Jack Elam, mwenye jicho lililopinda, alitisha vijiji visivyohesabika. Strode ni wa kundi hilo, isipokuwa kwamba yeye alikuwa mweusi, na kwa mtu mweusi wa Hollywood ya wakati ule pembeni hapakuwa mahali pa kuanzia safari. Ndipo njia ilipoishia.

Alizaliwa Los Angeles tarehe 25 Julai 1914, na kwenye sinema aliingilia mlango wa michezo. Alipokuwa chuo kikuu cha UCLA mwishoni mwa miaka ya 1930 alicheza mpira wa Kimarekani pamoja na Kenny Washington na Jackie Robinson, huyu Robinson ambaye baadaye aliuvunja ubaguzi katika ligi kuu ya besiboli. Ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, NFL, haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja tangu mwaka 1934 hadi 1945. Mwaka 1946 klabu ya Rams ilihamia Los Angeles ikitaka kuutumia uwanja wa umma wa Coliseum, na waandishi wa magazeti ya weusi wakashikilia kwamba uwanja wa wote hauwezi kukabidhiwa timu inayobagua baadhi ya wenye uwanja. Rams ikamsajili Washington, kisha Strode. Alitimiza miaka 32 mwaka huohuo, umri ambao wengi wa mchezo ule wanafikiria kustaafu, naye alicheza msimu mmoja tu. Akavuka kwenda Canada, akatwaa Kombe la Grey, la ubingwa wa mpira huo nchini humo, mwaka 1948 akiwa na Calgary Stampeders, na pia akacheza mieleka ya kulipwa. Kila alipokwenda mwili wake ulimtangulia kufika, na watengenezaji wa filamu walipomtazama hawakuona haja ya kutafuta kingine.

Filamu zake za mwanzo sisi wa Afrika Mashariki hatuna budi kuzitazama kwa kicheko chenye uchungu kidogo. Katika "Sundown" ya mwaka 1941, ambayo hadithi yake imewekwa Kenya wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, yeye ni askari wa kienyeji, na jina lake halimo hata kwenye orodha ya waigizaji. Mwaka 1956, katika "The Ten Commandments", ni mfalme wa Ethiopia. Mwaka 1958 yumo kwenye filamu ya Tarzan. Mtoto wa mjini, msomi wa chuo kikuu, alikodishwa miaka nenda miaka rudi kuwa Mwafrika wa kubuniwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuikanyaga Afrika, avae manyoya, ashike mkuki, asimame. Ninaitaja hali hii si kwa kuilaumu nafsi yake, kwa kuwa mtu hula mkate anaoukuta mezani, bali kwa sababu hapo ndipo alipojifunza ufundi ambao baadaye ulimtofautisha. Mtu asiyepewa maneno, akasimama kwenye picha miaka ishirini, ama anakuwa kama samani ama anajua kusimama kuliko wote waliomzunguka.

Mwaka 1960 ndio ulioufungua ufundi huo. Katika "Spartacus" anaigiza Draba, mtumwa Mwethiopia aliyefunzwa kupigana hadharani ili matajiri wa Kirumi wafurahi. Anamwambia Spartacus mapema kwamba hataki kujua jina lake wala kumpa la kwake, kwa kuwa siku watakayopangwa pamoja itabidi amuue. Siku inafika. Kabla ya pambano wawili hao wanasubiri katika kibanda cha mbao, wameketi wakitazamana, wakisikiliza wenzao wakiuana nje, na Strode katika kusubiri kule hafanyi jambo ambalo ungeweza kulinyooshea kidole. Anatazama tu. Anamshinda Spartacus, anamwekea chusa cha meno matatu kooni, anaamriwa aue, kisha anageuka na kukirusha chusa kwa wale waliokaa juu, anaanza kupanda kuwafuata, na anauawa. Hapo ndipo uasi wote wa filamu unapopata mbegu yake. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Golden Globe ya mwigizaji msaidizi, na kwa dakika chache alizopewa sioni kama alitendewa upendeleo wowote.

Mwaka huohuo Ford alimpa kazi ambayo wengi huitaja kuwa kilele chake: "Sergeant Rutledge", hadithi ya sajini wa Kikosi cha Tisa cha Wapanda Farasi, kimojawapo cha vikosi vya askari weusi vilivyoundwa mwaka 1866, anayeshtakiwa kwa kumbaka na kumuua msichana wa kizungu na kumuua baba yake. Kumweka askari mweusi katikati ya filamu ya kauboi mwaka 1960 halikuwa jambo dogo, katika aina ya filamu ambayo kwa miongo mingi ilifanya kana kwamba Magharibi ya Marekani ilikaliwa na wazungu na Wenyeji peke yao, ilhali wanahistoria hukadiria kwamba karibu mchunga ng'ombe mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi. Hata hivyo, filamu ina jina la Rutledge lakini jina la Strode limeandikwa chini ya majina ya Jeffrey Hunter na Constance Towers, na anayepambana mahakamani hadi ukweli ukatoka ni luteni wa kizungu.

Hapa ninatofautiana na wengi wanaompenda Strode kama mimi. Siamini kwamba Rutledge ni kazi yake bora. Kuna usiku ambapo askari wenzake wanaimba wimbo wa sifa, naye amesimama juu yao, kamera ikimtazama kutoka chini, kichwa chake kikiwa kimepanda mbinguni. Ni picha nzuri, na ninaelewa kwa nini Strode mwenyewe hakuacha kujivunia filamu ile maisha yake yote. Lakini Ford amemgeuza sanamu. Rutledge hakosei, hachoki, hana mzaha, hana tamaa. Ni mwema kiasi kwamba mtazamaji hana la kufanya naye ila kumwonea huruma na kumheshimu. Ni mara moja tu sanamu inapasuka: kizimbani, anapobanwa aeleze kwa nini alirudi kuwaokoa wenzake badala ya kukimbia, na anajibu huku sauti ikimkatika kwamba kikosi kile ndicho nyumbani kwake na ndicho uhuru wake. Kwa dakika ile anaonekana mtu mzima anayepigana asilie mbele ya watu wasiostahili kuyaona machozi yake.

Pompey ni kinyume chake. Yeye ni mdogo, wa pembeni, na kwa sababu hiyo ameruhusiwa kuwa mtu. Anakaa darasani na watoto na watu wazima, chini ya picha ya Lincoln, anaombwa aseme maneno ya Tangazo la Uhuru la Marekani, na anapofika kwenye usawa wa binadamu ndipo anaposahau. Mwalimu, yule seneta wa baadaye, anamwambia asijali, watu wengi husahau sehemu hiyo. Utani huo umeandikwa sana na wahakiki. Kinachosahaulika ni uso wa Strode kabla ya mwalimu kusema: aibu ya mtu mzima aliyejiandaa usiku kucha, akafika mbele za watu na ulimi ukamkwama. Kisha Doniphon anaingia, anamkaripia kwa kuacha kazi, na Pompey anaondoka. Doniphon huyohuyo, aliyeigizwa na John Wayne, ndiye baadaye atakayegomba na mwenye baa anayekataa kumhudumia Pompey. Anampenda na anammiliki, kwa pumzi moja.

Neno analolitumia Doniphon linatugusa sisi moja kwa moja. Katika ule ugomvi wa nyama iliyoangushwa sakafuni, Valance anapojigamba kwamba wao ni watatu dhidi ya mmoja, Doniphon anamwonyesha mlango wa jikoni ambako Pompey amesimama na bunduki, na anamwita kwa neno la Kiingereza lililotuachia "boi" kwenye Kiswahili. Strode wakati huo alikuwa na miaka arobaini na kitu. Kuna wazee kwetu, waliotumikia nyumba za wakoloni Nairobi na Dar es Salaam, ambao waliitwa boi mpaka walipoota mvi, na watoto wa bwana wakiwaita hivyo hivyo. Tazama Strode anavyosimama pale mlangoni: hajitutumui, hakunji uso, mdomo wa bunduki hautikisiki. Ameitwa boi, na watu wanne wenye silaha chumbani wamepanga mambo yao yote kwa kumzingatia yeye.

Mbele kidogo raia wanakutana baani kuchagua wajumbe, na yeye ameketi nje, kizingitini, na bunduki mapajani, kwa sababu hawezi kupiga kura. Doniphon anapolewa na kuichoma nyumba yake, Pompey ndiye anayemtoa motoni. Na mwishoni, seneta akiwa ameshatua mzigo wake kwa wenye gazeti, anapita karibu na benchi na kumtia Pompey fedha kidogo mkononi. Fedha ya chakula. Mimi naiona hiyo kuwa dakika ya kikatili kuliko zote katika filamu ile, pamoja na mijeledi ya Valance, na Strode anaipokea bila kuiongezea chochote.

Sina nia ya kumfanya Ford kuwa malaika wala kumfanya shetani. Alimpa Strode filamu nne, na nje ya kazi walikuwa karibu sana. Strode alisimulia kwamba Ford alipougua, yeye Strode alilala sakafuni nyumbani kwa Ford miezi kadhaa akimwuguza. Lakini katika filamu mbili nyingine za Ford yeye ni Mkomanche, yaani mtu wa kabila mojawapo la Wenyeji wa Marekani, mwaka 1961, na mpiganaji wa Kimongolia, mwaka 1966. Kati ya hizo mbili, mwongozaji mwingine alimweka mwaka 1965 kwenye filamu ya Genghis Khan akiwa bubu. Hollywood ilikuwa tayari kumfanya mtu wa taifa lolote duniani, mradi asiseme sana.

"The Professionals" ya mwaka 1966 inastahili kutajwa kwa sababu moja. Wanaume wanne wanakodiwa kwenda Mexico kumrudisha mke wa tajiri, na Strode ndiye mfuatiliaji wa nyayo na mpiga upinde. Mwenye fedha anauliza kama kuna mwenye pingamizi la kufanya kazi na mtu mweusi, swali linapita bila kushikwa na yeyote, na kuanzia hapo hadithi inamchukulia kama fundi miongoni mwa mafundi. Bado ndiye mwenye maneno machache kuliko wenzake watatu.

Halafu likaja tone la maji. Mwaka 1968 Sergio Leone alianza "Once Upon a Time in the West" kwa watu watatu wanaosubiri treni katika kituo cha nyikani. Hawasemi. Kuna mlio wa kinu cha upepo kinachotaka mafuta, kuna nzi anayemsumbua Jack Elam mpaka anamnasa kwenye mtutu wa bastola yake, na kuna Strode aliyesimama chini ya tangi la maji la treni. Tone linaanguka kwenye upara wake. Linaanguka jingine. Mwigizaji mwingine angesogea, au angenung'unika, au angetazama juu na kukunja uso ili tujue kwamba anasumbuka. Strode anavaa kofia, na kurudi kwenye utulivu wake. Matone sasa yanagonga kitambaa kwa mlio mwingine, maji yanajikusanya ukingoni mwa kofia, dakika zinapita, treni inafika, na kabla ya kwenda kuua au kuuawa anaivua kofia taratibu, anaielekeza kinywani na kuyanywa yale maji. Sehemu yake katika filamu yote ni hiyo, kwa kuwa muda mfupi baadaye Charles Bronson anawamaliza wote watatu. Waulize waliotazama filamu ile wakiwa watoto wakueleze kisa chake na watababaika. Waulize kuhusu yule mweusi na maji ya kwenye kofia.

Italia ilimpa kazi iliyomlipa vizuri kuliko nyumbani, naye akaishi huko miaka kadhaa. Watazamaji wa Bud Spencer na Terence Hill, ambao kwetu hawahitaji kutambulishwa, watamkuta kando yao kwenye filamu ya mwaka 1969. Lakini kazi yake nzito ya Italia haina farasi. Mwaka 1968 mwongozaji Valerio Zurlini alimfanya Lalubi, kiongozi wa Kiafrika anayekamatwa, kuteswa na kuuawa, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba nyuma ya Lalubi yupo Patrice Lumumba, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mwafrika wa mikuki ya "Sundown" alikuwa amefika kwenye Mwafrika mwenye hoja, anayebishana na watesi wake kuhusu nchi na haki. Ila filamu za Italia za wakati ule ziliwekewa sauti studio, na mtazamaji wa Roma aliyesikia Lalubi akisema kwa Kiitaliano alisikia koo la mtu mwingine.

Waundaji wa "Toy Story" ya mwaka 1995 wamesema kwamba mwanasesere wao kauboi, Woody, alipewa jina lake kwa heshima ya Strode. Mwanasesere ni mzungu, na husema maneno yake ukimvuta uzi mgongoni. Strode hakuiona filamu hiyo. Alifariki tarehe 31 Desemba 1994, akiwa na miaka 80.

Lakini mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo ilitoka "Posse" ya Mario Van Peebles, filamu ya makauboi weusi yenye kelele nyingi na makosa yake, ambayo siisifu yote. Inaanza na mzee mmoja ameketi peke yake, anaitazama kamera na kusimulia habari za wachunga ng'ombe weusi ambao vitabu viliwaacha. Ni Strode, mashavu yameingia ndani, sauti imekuwa ya mkwaruzo. Mwishoni tunarudishwa kwake, na sasa tunawaona waliokuwa wakimsikiliza muda wote: waandishi wa habari wawili, waliokuja kumwuliza.